Kubeba simiti siku nzima ni mazoezi ama si mazoezi? Utafiti umefika wapi

Mwambie mtu wa mkono kwa mjengo pale Ruaka ama Kilimani kwamba madaktari wanashauri mazoezi dakika 150 kwa wiki, atakuangalia tu alafu akuulize, kwani hizi simiti nabeba toka asubuhi ni nini? Na ana haki ya kuuliza. Mfuko mmoja wa simiti ni kilo 50, na saa nne ya asubuhi haijafika ashapandisha kadhaa mpaka floo ya tatu kwa ngazi za mbao. Upande mwingine kuna mtu wa ofisi huko Upper Hill, amekaa kwa kiti siku nzima, jioni anaingia jim anakimbia dakika 40 alafu anarudi nyumbani kwa gari, na huyo ndiye tunamwita mtu wa mazoezi. Sasa kati ya hawa wawili nani anaulinda moyo wake? Watafiti wamebishana juu ya hii kitu zaidi ya miaka 70, na naona ni ubishi unaotuhusu sana sisi kuliko hata hao wazungu waliouanzisha, manake Nairobi imejaa watu wanaoishi kwa nguvu ya mgongo na mikono. Wacha tuufuate kutoka mwanzo.

Mwanzo wenyewe ni mabasi ya London. Baada ya vita vya pili vya dunia ugonjwa wa moyo ulikuwa unapanda mbio Uingereza na hakuna aliyejua kwa nini, ndio daktari mmoja anaitwa Jerry Morris akaanza kulinganisha watu wa kazi tofauti aone ni nani anaugua zaidi. Mabasi yenyewe yalikuwa ya ghorofa, na kila basi lilikuwa na dereva na kondakta. Mtu yeyote anayepanda matatu ataelewa hii haraka: dereva amekaa shifti nzima, makanga hatulii. Huyo wa London alikuwa anapanda na kushuka zile ngazi za ndani akikusanya nauli, kama ngazi 500 hadi 750 kwa siku moja ya kazi. Kampuni ni moja, tabaka ni moja, barabara ni zile zile. Matokeo yakachapishwa 1953 kwenye jarida la Lancet, na yalionyesha makondakta wanaugua moyo kidogo kuliko madereva, na hata wakiugua, ugonjwa unawajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na hauwaui upesi vile.

Hapo ndipo sayansi ya kisasa ya mazoezi na moyo ilipoanzia. Lakini Morris na wenzake hawakutulia, na hii ndio sehemu napenda sana kwa hii hadithi. Wakaenda wakatafuta rekodi za yunifomu. Kampuni ilikuwa imeandika saizi ya suruali ya kila mfanyakazi, na walipozipitia wakakuta madereva wana viuno vikubwa kuliko makondakta, na tofauti hiyo ilikuwa inaonekana tayari kwa vijana. Ripoti ikatoka 1956. Unaona shida iko wapi? Pengine si kiti cha basi kilichoharibu moyo wa dereva, pengine watu wenye miili mizito ndio walikuwa wanachagua ama wanapewa kazi ya kukaa, na hatari wakaja nayo kutoka nyumbani. Morris aliendelea kufuatilia hao watu, na baadaye akaonyesha kwamba ata ukilinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, kondakta bado yuko afadhali. Lakini lile swali la nani anaingia kazi gani na anaingia akiwa na mwili gani halijawahi kuondoka, litarudi tena huko mbele.

Alafu kukaja bandari ya San Francisco, Marekani. Mtafiti Ralph Paffenbarger alifuatilia wafanyakazi wa gati 6,351 kwa miaka 22, na 1975 akatoa hesabu: wale wa kubeba mizigo mizito walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu nusu tu ya wenzao wa kazi za wastani na nyepesi. Na hapa lile swali la yunifomu lilikuwa na jibu kiasi, manake sheria ya chama chao cha wafanyakazi ilikuwa kila mtu aanze na kubeba mizigo, miaka mitano ya kwanza, ndio baadaye uhamie kazi nyepesi. Kwa hivyo hauwezi kusema wanyonge walikimbilia ofisini siku ya kwanza. Kitu kimoja kuhusu hiyo kazi ukiweke akilini: ilikuwa ya kuja kwa vishindo, unabeba kwa nguvu sana muda mfupi, alafu unasubiri, alafu tena. Paffenbarger mwenyewe aliona hivyo vishindo vifupi vya nguvu ndivyo vilivyokuwa vinalinda moyo.

Ungeishia hapo ungemwambia mtu wa mkono, ndugu yangu, wewe huna shida, kazi yako ni jim ya bure. Na wengi wanaambiwa hivyo mpaka leo.

Sasa ingia Denmark. Mtafiti Andreas Holtermann na wenzake wamekuwa wakitenganisha vitu viwili ambavyo sisi huwa tunavichanganya, kusonga kazini na kusonga wakati wako mwenyewe. Utafiti wao mkubwa ulitoka 2021, watu 104,046 wa Copenhagen waliofuatiliwa kama miaka 10. Wale waliokuwa wanafanya mazoezi mengi wakati wao wa mapumziko, hatari ya kupata shambulio la moyo, stroki na mambo kama hayo ilikuwa chini kwa kama asilimia 23 ukilinganisha na wasiofanya. Vizuri, hiyo tulijua. Lakini wale ambao kazi yao ndiyo nzito, hatari ikapanda: kazi nzito asilimia 15 juu, kazi nzito sana asilimia 35 juu, na hiyo ni baada ya kuhesabu sigara, elimu, uzito na mengine. Mwili ni ule ule, misuli ni ile ile, matokeo yanaenda njia mbili tofauti. Haikuwa mara ya kwanza pia, 2018 kulikuwa na mjumuisho wa tafiti nyingi, watu karibu laki mbili, ukaonyesha wanaume wa kazi nzito wana hatari ya kufa mapema asilimia 18 zaidi ya wa kazi nyepesi. Kwa wanawake hiyo hatari haikuonekana.

Inawezekanaje? Chukua siku ya slabu. Konkriti ikianza kukorogwa hakuna kusimama mpaka slabu iishe, manake ikikauka nusu nusu inaacha udhaifu pale katikati, kwa hivyo watu wanajipanga kwa ngazi, karai inaenda juu ikiwa imejaa na inarudi tupu, foremani anapiga kelele, chapo madondo zinaliwa kwa zamu za haraka na mtu anarudi kwa laini bado anatafuna. Moyo wa huyo mtu haupigi kwa kasi ya mtu anayekimbia. Unapiga kasi ya katikati tu, lakini unapiga hivyo masaa nane, saa ingine kumi. Mkimbiaji wa jioni moyo wake unapanda juu sana, dakika 30 ama 40, alafu unashuka, na baada ya hapo presha inabaki chini kwa masaa kadhaa, na akiendelea wiki nyingi moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja kwa hivyo ukiwa umetulia unapiga mara chache. Yule wa karai anapata mzigo mrefu ambao hauko juu vya kutosha kuufundisha moyo, na hauko chini vya kutosha kuuacha upumzike. Ukijumlisha mapigo ya siku nzima, masaa 24, moyo wake umefanya kazi nyingi zaidi.

Wataalamu wa kazi wana kipimo chao hapa: kwa shifti ya masaa nane mtu asitumie wastani wa zaidi ya kama theluthi moja ya uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni. Na uone vile hii inauma. Uwezo unashuka na umri, unashuka ukikosa chakula cha maana, unashuka ukiwa na upungufu wa damu, lakini mfuko wa simiti unabaki kilo 50. Kijana wa miaka 22 mzigo huo kwake uko ndani ya theluthi, mzee wa miaka 50 mzigo huo huo umepita, na wote wawili wanalipwa pesa moja na wanatarajiwa mwendo mmoja.

Kuna pia presha ya kuinua yenyewe. Huko Canada, chuo cha McMaster, 1985 walichukua watunisha misuli watano wakawawekea mrija ndani ya mshipa wa damu, wakapima presha wakati wanasukuma chuma kizito kwa miguu. Wastani ulifika 320 juu ya 250. Mmoja alipita 480 juu ya 350. Presha ya kawaida ni chini ya 120 juu ya 80, kwa hivyo fikiria. Hiyo ni ya sekunde chache na inashuka mara moja ukiachilia, kijana mwenye mishipa mizima haimdhuru, lakini sehemu ya ile presha inatokana na kubana pumzi, ile ya kujikaza mpaka shingo inavimba. Nenda Gikomba uangalie mtu akiinua robota la mitumba ama Marikiti mtu akiinua gunia la viazi, karibu wote wanabana pumzi. Sasa weka mtu huyo awe tayari ana presha na hajui. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa ata mara moja. Mimi hiyo namba ya pili ndio inanitisha.

Alafu kuna mapumziko. Mtu wa jim akichoka leo kesho anakaa tu, na akiumwa na goti anaacha wiki mbili. Kibarua hana hiyo nafasi, asipofika kwa geti asubuhi mtu mwingine amechukuliwa. Misuli na mishipa hujijenga wakati umepumzika, si wakati unabeba, na mwili unaochoshwa kila siku kabla haujapona unabaki na uvimbe wa ndani kwa ndani ambao mishipa ya moyo haiupendi kabisa. Ongeza usingizi wa masaa matano kwa sababu mtu ameamka saa kumi atembee kazini.

Basi kesi imeisha? Hapana, na hapa ndio lazima tuwe waaminifu. Kuna wanasayansi wengi wanaoona Denmark inaona kivuli cha kitu kingine. Mtu wa kazi nzito kwa kawaida ndiye wa mshahara mdogo, anavuta sigara zaidi, anakula vibaya, anachelewa hospitali, na hata ukijaribu kuondoa hayo kwa hesabu hauwezi kuyaondoa yote, ni lile swali la suruali za madereva limerudi. Norway walifuatilia zaidi ya watu laki nne, 2021 wakaripoti kwamba wakishahesabu hayo mambo vizuri, wanaume wa kazi za kusonga hawakuwa wanakufa mapema kuliko wa kukaa, tena waliishi muda mrefu kiasi. Alafu kuna utafiti unaoitwa PURE, ambao kwangu una uzito wa kipekee kwa sababu uliingiza nchi maskini na za kati, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo, nchi 17, watu zaidi ya 130,000. Ulitoka 2017, na walikuta waliofikisha zile dakika 150 kwa wiki vifo viko chini kwa asilimia 28, na kusonga kwa kazi, kwa usafiri na kwa nyumbani nako kulisaidia, si mazoezi ya starehe peke yake. Ata Shirika la Afya Duniani kwa mwongozo wake wa 2020 linahesabu mwendo wa aina yote, kazi, safari, nyumba, michezo.

Ukiniuliza mimi nasimama wapi, nitakwambia tofauti kati ya hizi tafiti inapungua sana ukiacha kuuliza kama kazi ni mazoezi na ukaanza kuuliza ni kazi gani, kwa muda gani, na mapumziko yako wapi. Kondakta wa London alikuwa anapanda ngazi, anasimama, anaongea na abiria, anapanda tena. Wa gati la San Francisco alikuwa na vishindo na pumziko, na chama chenye nguvu nyuma yake. Mkulima wa kijiji anayeingia kwenye hesabu ya PURE anasonga, anakaa chini ya mti, anasonga. Siku ya slabu haina hiyo kitu, na kusukuma mkokoteni kutoka Marikiti mpaka Eastleigh jua likiwaka pia haina. Hizo ni kazi tofauti hata kama zote zinatoa jasho, na ni makosa kuziweka kapu moja.

Wanawake wamesahaulika sana kwa hii mambo. Kuna jaribio moja Denmark lilifanywa kwa wafanya usafi, watu 116, nusu wakapewa mazoezi ya moyo dakika 30 mara mbili kwa wiki hapo hapo kazini, miezi minne. Uwezo wa moyo na mapafu ukapanda, mapigo ya kupumzika yakashuka, yaani yale tunayoyataka. Lakini presha yao iliyopimwa masaa 24 ikapanda kidogo, ile namba ya juu kwa tatu na zaidi. Fikiria mama fua ambaye ameinama kwa beseni toka asubuhi kwa nyumba tatu za Pipeline, mikono ndani ya maji baridi, alafu umwambie jioni aongeze mazoezi ya kuruka. Kwa mwili uliochoka tayari, dawa ile ile inaweza kuwa mzigo juu ya mzigo. Kwake ningeanza na mgongo kwanza, ainue beseni liwe juu ya stuli ama meza asiiname, akae kila baada ya muda, alale.

Na kutembea? Kila alfajiri kuna maelfu ya watu wanatoka Mukuru na Kibera kwa miguu kwenda Industrial Area, na jioni wanarudi. Hiyo inahesabika, bila wasiwasi wowote. Mwendo wa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini hauwezi kuimba ndio ule ule madaktari wanaushauri, na mtu akitembea dakika 30 kwenda na 30 kurudi siku tano ashafika 300 kwa wiki. Shida yake ni magari, giza na moshi, si moyo. Anayefanya kazi ya mashine akiwa amekaa ama amesimama pahali pamoja, huo mwendo ni ulinzi wake mkubwa, asiudharau kwa kuona ni umaskini.

Kwa upande wa wanaokaa, madereva wetu wa matatu, watu wa simu na kompyuta, walinzi wa kukaa kwa geti, kuna utafiti wa 2022 uliotumia vipimo vya mwendo vya kuvaa mkononi kama saa kwa watu zaidi ya 25,000 huko Uingereza ambao hawafanyi mazoezi kabisa. Wale waliokuwa na vishindo vitatu tu kwa siku, dakika moja ama mbili kila kimoja, kama kupanda ngazi mbio ama kukimbilia basi, vifo vyao vilikuwa chini kwa karibu asilimia 40 kuliko wasiokuwa navyo. Ni utafiti wa kutazama tu, hauthibitishi sababu, lakini unafanana sana na ile habari ya gati. Dereva akifika steji, ashuke, aizunguke gari kwa kasi mara kadhaa kabla haijajaa, haimgharimu chochote.

Kwa mtu wa mjengo sasa, ushauri wa kuongeza mwendo mimi siuoni kama wa haki, alichokosa ni pumziko na kupimwa. Maforemani na wakandarasi ndio wa kwanza kuambiwa hii: zungusha watu, mtu asikae kwa laini ya karai siku nzima, apandishe mzigo kwa saa moja alafu ahamie kufunga vyuma ama kumwagilia maji, manake huo mchanganyiko wa kazi ndio Holtermann na wenzake wanajaribu kuuingiza viwandani, kazi ipangwe mpaka yenyewe iujenge mwili. Mifuko ya kilo 25 ikipatikana kwa kazi ndogo ndogo itumike. Maji yawe karibu. Mwenyewe ukiinua, toa pumzi nje wakati mzigo unapanda, usiibane, na mzigo uwe karibu na kifua. Siku ya kupumzika pumzika kweli, na kama una nguvu cheza mpira nusu saa na vijana wa mtaa, mbio fupi fupi na kusimama, moyo unapata ile kasi ambayo karai haikupi.

Na pima presha. Kwa kituo cha afya cha serikali ama duka la dawa ni dakika tano, ukae umetulia kwanza, usiende ukiwa umetoka kubeba. Ikiwa 140 juu ya 90 ama zaidi mara mbili siku tofauti, ona daktari kabla ya slabu ijayo. Kama ukibeba unasikia kifua kimebanwa, ama maumivu yanaenda kwa mkono wa kushoto ama taya, ama unaishiwa pumzi kwa mzigo ambao mwaka jana ulikuwa unauona mwepesi, alafu ukikaa yanaisha, usiseme ni vidonda vya tumbo ama ni uchovu, shusha mzigo hapo hapo na uende hospitali siku hiyo hiyo, na yasipoisha ukikaa, wenzako wakupeleke mara moja bila kungoja foremani aseme.